Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: kabla ya masika, tuiteni na sisi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakuandikia kutoka Kigogo, upande unaoshukia Bonde la Msimbazi. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo katika parokia moja Katoliki ya huku. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi za chini. Naomba kamati za mkoa wako zinapojipanga kabla ya masika, viongozi wa jumuiya na wa misikiti waitwe kwenye vikao hivyo.

Tukiitwa, tutakuja na kitu mkononi. Jumuiya ni familia chache zinazopakana, zinasali pamoja nyumba kwa nyumba, leo kwako, wiki ijayo kwangu. Tunasoma Injili, kisha yanafuata ya dunia: nani amelazwa, nani kafiwa, mtoto wa nani karudishwa nyumbani kwa kukosa daftari. Kwa sababu tunaingia ndani ya nyumba za watu, tunajua bibi yupi hawezi kushuka kitandani bila kushikwa, mama yupi amejifungua juzi, na kijana yupi mwenye kifafa hubaki peke yake mchana. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ana orodha ya wakazi, nasi tunamheshimu sana kwa kazi yake, lakini orodha haiwezi kumwambia mwokoaji aanze na mlango upi saa nane za usiku.

Na maji ya Msimbazi hayapigi hodi. Mto unaanzia vilima vya Pugu, kwa hiyo mvua ikinyesha kubwa huko juu, sisi wa chini tunaweza kushtukia mto umejaa. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 katika jiji hili, na serikali ikawapa waliopoteza makazi viwanja Mabwepande. Wanaokumbuka siku zile watakuambia kwamba kabla boti haijafika, jirani ndiye aliyebeba mzee mgongoni.

Mvua zikizidi, ukumbi wa parokia unafunguliwa. Akina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, wanabandika masufuria, vijana wanahamisha magodoro, na Jumapili watu wanapeleka altareni mchele, sabuni na kanga badala ya noti. Hatuulizi nani amebatizwa. Msikiti wa jirani una kisima, sisi tuna ukumbi, basi maji yanatoka kwao na watu wanalala kwetu, na mtoto wa Kiislamu anakula uji pamoja na wa kwetu. Bwana wetu alisema, "nalikuwa mgeni, mkanikaribisha," hakutaja dini ya mgeni.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, unaotumia pia fedha za Benki ya Dunia, ni mradi mwema. Watu hawapaswi kulala penye njia ya maji, na mimi mwenyewe nimewashauri majirani wakubali fidia. Lakini familia ikihama bondeni, mmoja anakwenda Chanika, mwingine Mbagala, mwingine Bunju, na mjane aliyekuwa akiletewa dawa na jirani yake anajikuta mahali ambapo hakuna anayejua hata jina lake. Fidia inajenga nyumba, ila haimrudishii mtu wa kumgongea asubuhi kuuliza kama ameamka salama. Tukijulishwa mapema nani anahama lini na anakwenda wapi, parokia itamwandikia barua ya utambulisho, na jumuiya ya huko itampokea siku anayoshusha vyombo. Kwa ndugu zetu Waislamu, imamu anaweza kufanya vivyo hivyo.

Nakuomba pia uagize kwamba misaada isigawiwe mbele ya kamera. Mzee wa miaka themanini asisimamishwe juani na mfuko wa unga ili apigwe picha. Ana wajukuu, nao wana simu.

Kuhusu daftari letu la majina ya wagonjwa na wazee, nisieleweke vibaya. Hatutakabidhi majina ya wagonjwa yakasomwe kwenye kikao. Tutakachofanya ni kumtoa mtu mmoja kila jumuiya, atakayeongozana na waokoaji na kuwaonyesha pa kuanzia. Vijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, wako tayari. Wanachohitaji kwako ni mafunzo ya uokoaji na huduma ya kwanza, maboya, kamba na tochi, na namba moja ya simu ambayo itapokelewa usiku.

Wenyeviti wetu wote hupatikana parokiani Jumapili baada ya misa. Tukipewa taarifa kupitia ofisi ya kata, tutafika siku yoyote utakayopanga.

Wako katika utumishi,
Katibu wa jumuiya, Kigogo