Usimruhusu aguse ile skrubu

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili jioni

Kwako mwalimu mwenzangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, watoto wanaendelea vizuri, na upepo wa Dodoma ndio huo unaoujua, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria zilizofunikwa. Ujumbe wako kuhusu gari nimeupata, nikausoma mara mbili, nikaona si wa kujibiwa kwa maneno matatu ya simu. Hiyo pesa unayotaka kumpa fundi najua umeitoa wapi, ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu.

Unasema asubuhi linawaka bila tatizo. Likishapata moto ukasimama, mshale wa mizunguko ya injini unapanda karibu 1,800, unaanguka mpaka 1,000, unapanda tena, injini inahema kama mtu aliyetoka mbio. Fundi amekuambia throto, ule mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, imekufa na kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, huenda nayo imeungua. Mwalimu, usinunue kitu chochote kwanza. Na akikuambia basi akurekebishie sailensi, ule mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, kwa ile skrubu ndogo inayozuia throto isifunge kabisa, mkatalie. Ile ilisetiwa kiwandani. Ukiigeuza, sensa ya throto haijui tena kama umeachia mafuta au bado umekanyaga, na ugonjwa wa kwanza unabaki palepale, umefichwa tu.

Nakusihi hivyo kwa sababu yalinikuta. Corolla langu ni la 1996, injini ya 5A kama lako. Mwaka juzi, siku natoka Bahi, lilianza kuhema hivyohivyo, na nikiwasha AC kwenye kipilefti linazima kabisa. Gereji moja hapa mjini wakanibadilishia plagi nne, waya za plagi, kifuniko cha distibyuta inayogawa umeme kwenye plagi, kisha wakaigeuza hiyo skrubu. Siku tatu likatulia, ya nne likarudi baya zaidi. Niliumia sana, maana kila kifaa nilichotoa kilikuwa kizima.

Aliyelitibu ni mzee mmoja wa Kizota asiye hata na bango. Alilisikiliza kwanza. Alichukua kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono, ncha moja akaiweka sikioni, nyingine akaipitisha taratibu kwenye mipira yote inayoingia kwenye manifodi, yale mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda. Alipofika kwenye mpira mnene unaotoka kwenye kifuniko cha valvu, ule wa kupumulia injini, akanyamaza, akanipa mpira nami nisikilize. Sss, nyembamba, kama nyoka kwenye majani makavu. Kwa juu mpira ulionekana mzima. Alipoupindua, upande wa chini una ufa wenye urefu wa kucha, mweusi, umekauka na kufunguka kama midomo. Akaubana kwa vidole, na mshale ukashuka papo hapo. Sijasahau ile furaha.

Alinieleza sababu, nami nakueleza kwa sababu ukiielewa hutadanganywa. Injini yetu haipimi hewa inayoingia. Inapima presha ndani ya manifodi, na kutokana na presha hiyo kompyuta inakadiria petroli. Hewa ya wizi ikipenya mahali popote baada ya throto, presha inapanda, petroli inaongezwa, mizunguko inapanda wakati mguu wako hauko kwenye pedeli. Ikivuka kiwango chake, kompyuta inaamini uko mteremkoni umeachia mafuta, basi inakata petroli. Mizunguko inaanguka, inarudisha petroli, inapanda tena. Hiyo ndiyo kuhema kwenyewe. Na asubuhi halihemi kwa kuwa injini ya baridi inahitaji hewa nyingi zaidi, kwa hiyo ile ya wizi inamezwa bila wewe kujua. Joto likija, hewa inakuwa ya ziada, na ufa nao unafunguka. Kwa dalili ulizonitajia, hapo ndipo ningeanza.

Lakini kabla ya mpira, fungua rejeta injini ikiwa imepoa kabisa, tena nasema imepoa kabisa, utazame maji. Kwenye gari zetu maji ya moto yanapita chini ya throto kwa mipira miwili midogo. Yakipungua, hewa inakaa humo, sensa ya joto inadhani injini bado baridi na sailensi haishuki. Ukikuta yamepungua jaza, halafu utafute yanakotokea.

Baadaye pekua mipira yote kwa kidole, hasa upande usioonekana: wa kupumulia, wa breki, na ile myembamba. Jua la huku na la kwenu Manyoni linaikausha mapema, na panya wanaipenda. Ukishindwa kusikia, chukua chupa ya kunyunyizia maji, nyunyiza kidogokidogo kwenye maungio ya manifodi, mbali na distibyuta. Sauti ikibadilika, umepata. Kuna wanaonyunyizia petroli. Usikubali kabisa, injini ikiwa ya moto utaunguza gari na watu.

Throto nayo ina haki ya kusafishwa, hiyo ndiyo iliyokuwa inanizimia nikiwasha AC. Ilikuwa imeganda masizi meusi ukingoni, njia ya hewa ya sailensi imeziba nusu. Mswaki wa zamani, kabu klina, ile dawa ya kusafishia kabureta, na kitambaa safi. Dawa isiingie kwenye mota ya umeme ya valvu ya sailensi. Filta ya hewa itazame hapohapo.

Kuhusu kontrol boksi, kompyuta yenyewe itakuambia. Karibu na injini kuna kiboksi kidogo cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS kwenye kifuniko. Injini ikiwa imezimwa, unganisha TE1 na E1 kwa waya mfupi, kisha washa swichi bila kupiga stata, utazame taa ya injini. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, haina kosa ililoliandika. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Nne kisha moja ni 41, sensa ya throto. Tatu kisha moja ni 31, sensa ya presha ya manifodi. Hata ukipata namba usikimbilie dukani, angalia kwanza soketi na waya wake. Ila ujue ufa wa mpira unaweza usiandikwe kabisa.

Fanya hilo la taa kesho baada ya vipindi, hesabu vizuri, unitumie namba. Jumamosi napita hapo kwenda Singida kwenye msiba wa shemeji, nitakuja na mpira mpya wa kupumulia, klampu mbili na kile kipande changu cha kusikilizia. Tutalifungua pamoja, huyo fundi naye awepo akipenda. Mpaka nifike, skrubu ibaki ilivyo.

Wasalimie nyumbani, na mama mpe shikamoo yangu.

Ni mimi mwenzio wa Nkuhungu