Fenesi la Mama na chokoleti

Migosi, Kisumu
Jumapili jioni

Kageha rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi sote hatujambo, ila joto limetushika tangu wiki iliyopita. Natumai watoto hawajambo na kikohozi cha mdogo kimepoa.

Uliponipigia simu Jumatano nilikuwa katikati ya soko la Kibuye, nikasikia nusu tu ya maneno yako. Nililosikia vizuri ni kwamba Mama anatimiza miaka 70, kwamba sherehe ni nyumbani Vihiga, na kwamba unataka matunda ya chokoleti kama yale uliyoyala kwangu tulipombatiza Otieno. Nimefurahi sana. Mama yako alinilisha likizo ngapi, nami sijawahi kumwandalia kitu chochote kwa mikono yangu. Basi nimeamua kukuandikia yote, usome polepole.

Kwanza, achana na stroberi. Najua ndizo unazoziona kwenye picha, na huko Nakuru huwezi kuzikosa. Lakini stroberi iliyoiva haivumilii safari. Ukiziosha Ijumaa usiku na kuzibeba hadi Vihiga, Jumamosi zitakuwa zimelegea na kutoa maji. Chokoleti inachukia maji, Kageha. Kuna mara moja kifuniko cha sufuria kilidondosha mvuke kwenye bakuli langu, matone machache tu, na chokoleti nzima ikakaza ikawa nzito kama udongo wa kufinyangia. Sukari iliyomo hunyonya yale matone na kugandamana. Yakikupata hayo usiitupe: ongeza maziwa ya moto, kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga, itarudi laini. Haitafaa tena kuchovyea, ila itakuwa mchuzi mtamu wa kumwagia juu ya ndizi. Kwa hiyo bakuli, mwiko, mikono na matunda, vyote viwe vikavu kabisa.

Matunda nitakayokuchagulia ni matatu: ndizi, machungwa na fenesi.

Fenesi, ndiyo. Mti ule ulio nyuma ya jikoni la Mama bado upo? Kama una matunda, hilo ndilo litakalopamba sherehe. Nimejaribu matunda mengi na sijapata linaloshikana na chokoleti kama fenesi. Ile nyama ya manjano inayozunguka mbegu ni ngumu kiasi, haichuruziki kama nanasi, na harufu yake haimezwi na kakao. Kabla ya kulipasua, paka mafuta ya kupikia kwenye kisu na mikononi, la sivyo utomvu utakushinda kuutoa. Toa vipande vizimavizima, vipasue ubavuni kidogo, ondoa mbegu, na mahali pa mbegu weka njugu karanga mbili zilizokaangwa na kumenywa. Vifute kwa kitambaa kikavu, uvipange kwenye trei vipigwe na hewa kama nusu saa, ndipo uchovye. Mtu akiuma anakuta chokoleti, kisha fenesi, kisha njugu. Ulisema Mama hapendi keki kwa sababu inamkaba. Fenesi la mti alioupanda mwenyewe hatalikataa.

Ila uliza mapema kama kuna mgeni anayedhurika na njugu, na vipande vyenye njugu uviweke kwenye sahani yake peke yake. Watoto wadogo wasipewe njugu nzima, wanaweza kupaliwa. Vyao viache bila kitu ndani.

Machungwa ni rahisi. Menya, tenga vipande bila kutoboa ile ngozi yake nyembamba, viache saa moja hadi ngozi ikauke na kuwa kama karatasi, halafu chovya nusu yake. Ndizi chukua vile vindizi vifupi vitamu, vya soko la Luanda vinatosha. Viwe vya manjano ila bado vimekaza. Vyenye madoa meusi havifai. Kata vipande vinene vya kidole gumba na uvizamishe vyote, pasibaki pa kuingilia hewa, maana ndizi ikipata hewa inageuka rangi. Hapa kwangu ninayo friji, kwa hiyo mimi huchoma vijiti vya mishikaki kwenye nusu nusu za ndizi na kuzigandisha usiku kucha. Ukichovya ndizi iliyoganda, chokoleti inakauka hata kabla hujaiweka chini. Watoto wangu wanazipenda kuliko aiskrimu. Lakini kwa Mama, stima yenyewe ikipotea haijulikani itarudi lini, basi tusiitegemee friji.

Papai na tikiti maji usivichovye, vina maji mengi mno. Vikate tu uviweke pembeni, kwa wale wenye sukari na wale wasiotaka chokoleti.

Sasa chokoleti. Zipo za aina mbili, na wauzaji wengi hawakwambii tofauti, soma karatasi yake. Ya kwanza ina siagi ya kakao. Hiyo ndiyo chokoleti ninayoipenda, nyeusi, yenye uchungu kidogo. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi kama 34, chini ya joto la mwili, ndiyo sababu inayeyukia ulimini. Kwa sababu hiyo hiyo huku Kisumu saa nane mchana inaanza kulegea mezani pako. Tena hiyo haitaki kuyeyushwa tu. Ukiiyeyusha ovyo inakauka ikiwa na mabaka ya kijivujivu na inashika vidole. Njia yangu ni hii: katika gramu 400, nayeyusha 300, naondoa bakuli kwenye joto, kisha natia zile 100 zilizokatwa vipande vidogo, nakoroga taratibu mpaka ziyeyuke na chokoleti ipoe. Nagusisha tone kwenye mdomo wa chini. Nikihisi kaubaridi kidogo, iko tayari. Huchovya ncha ya kisu na kusubiri dakika tano, na ikikauka iking'aa, naanza kazi.

Aina ya pili imetengenezwa kwa mafuta ya mawese badala ya siagi ya kakao. Utamu wake ni mdogo, sitakudanganya. Lakini haihitaji kutulizwa hivyo, unaiyeyusha na kuchovya mara moja, na haikimbilii kulegea. Kwa sherehe yenye hema juani, na jiko la makaa, na wewe umetoka safari ya usiku, chukua hii. Ili kuipa ladha, tia chumvi kidogo sana, kiasi cha kushika kwa vidole viwili, na nunua ile nyeusi, si ile ya maziwa.

Hesabu niliyofanya ni hii. Umesema wageni 40, pamoja na akina mama wa kanisani. Kila mtu vipande 3, hivyo ni vipande 120. Kipande kimoja hubeba kama gramu 10 za chokoleti, jumla kilo 1 na gramu 200. Nunua kilo moja na nusu, maana bakuli likikaribia kuisha huwezi kuzamisha kitu. Inayobaki mwagia simsim iliyokaangwa, tandaza kwenye karatasi, ikikauka ivunjevunje. Hiyo wape wapishi, nao wanachoka.

Kwenye jiko la makaa jihadhari. Makaa hayasikii, huwezi kuyapunguza kama gesi. Chemsha maji ya vidole viwili kwenye sufuria, kisha ipua, iweke chini, ndipo uweke bakuli la chokoleti juu yake. Sehemu ya chini ya bakuli isiguse maji. Mvuke ule unatosha. Maji yakipoa, badilisha. Usikubali mtu yeyote akuharakishe kwa kurudisha sufuria motoni, chokoleti ikiungua hakuna dawa.

Chovya asubuhi, ukiwa umemaliza kabla ya saa tatu. Nyumba ya Mama ina kile chumba cha upande wa migomba, kina ubaridi mzuri. Panga trei humo, chini sakafuni, juu ya karatasi ya kuokea. Usizifungie kwenye ndoo ya plastiki, zitatoa jasho. Zifunike kwa kitambaa chepesi cha wavu, nzi wasipande. Na usizipeleke mezani pamoja na chakula. Watu wale kwanza kuku wao na mboga zao, hotuba ziishe, Mama aombewe, ndipo trei zitoke.

Nilikuwa nikifikiri juzi, kakao yenyewe inalimwa hapo Bundibugyo, Uganda, si mbali sana nasi, na bado chokoleti tunaiona kama kitu cha watu wa mbali. Mama mwenyewe aliwahi kuniambia hajawahi kuionja zaidi ya ile ya kwenye biskuti. Ndiyo maana nataka kipande cha kwanza umpe mjukuu wake mkubwa ampelekee, usimtumie mhudumu.

Niandikie ni tarehe gani mtapita Kisumu. Nitawangoja stendi nikiwa na trei zangu nne, vijiti, na karatasi ya kuokea, usinunue hizo. Kama nitapata ruhusa kazini nitapanda gari pamoja nanyi Ijumaa hiyo hiyo, nipasue fenesi usiku huku ukilala kidogo. Mpigie Mama umuulize kuhusu mti, ila usimwambie ni la nini.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafikiyo,
Akinyi