Safari ya Shimba Hills Jumamosi
Wazazi na vijana wetu, hamjambo. Jumamosi, tukishavuka feri, tutaondoka Likoni saa moja kamili asubuhi kuelekea Shimba Hills, mahali pekee nchini Kenya ambapo palahala, swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma, bado anaishi porini. Anayedhani kazi ya mwanabaiolojia wa wanyamapori ni kupiga picha za simba ataona mengine, kwani sehemu kubwa ni kuhesabu, kupima nyayo, kuchunguza kinyesi na kuandika yote daftarini. Mlango wa kawaida ni shahada ya sayansi, na humo hesabu haikwepeki (najua kuna walioguna). Kila kijana aje na daftari na penseli, kwa kuwa wino huchuruzika ukilowa. Asiyeweza kuja aniarifu kabla ya Alhamisi jioni.