Barua kwa Mwanangu Anayeanza Kujitegemea katika Ufundi wa Mavazi

Mwanangu mpendwa,

Nimepata habari kwamba umeacha ajira na kwamba sasa utafanya kazi ya ufundi wa mavazi kwa kujitegemea, ukiwahudumia wenye chapa mmoja baada ya mwingine, na nimefurahi kwa dhati, kwa kuwa najua unavyoipenda kazi hii. Jambo linalonifanya nikuandikie ni saini yako juu ya sampuli, ile nguo ya mfano inayoshonwa kwanza. Ulipokuwa umeajiriwa, walikuwapo mkuu wako wa kazi na mkaguzi wa ubora walioitazama nguo kabla kiwanda hakijaruhusiwa kukata kitambaa. Sasa utakuwa peke yako, na anayekulipa ndiye huyo huyo atakayekuharakisha. Ukishaidhinisha sampuli, kiwanda kitakata maelfu ya nguo kwa kuifuata, na kitambaa kilichokatwa hakirudi kuwa jora.

Kwa hiyo, usianze kwa kumvika mtu nguo. Ilaze kwanza mezani, iache itulie, ipime yote na kuilinganisha na karatasi ya vipimo, ndipo uivishe kwenye sanamu au kwa mwanamitindo. Wengi huiruka hatua hii kwa hamu ya kuona nguo inavyokaa mwilini, kisha huagiza pateni, yaani kielelezo cha kukatia kitambaa, ibadilishwe wakati pateni haina kosa lolote, na aliyekosea ni mshonaji ambaye hakufuata vipimo. Nguo isiyokaa vizuri huwa na kasoro katika pateni, au katika ukataji na ushonaji, au katika kitambaa chenyewe, na ufundi wako hasa ni kutambua ni wapi. Fulana ambayo mishono yake ya ubavuni hujipinda kuja mbele baada ya kufuliwa, kwa mfano, mara nyingi huwa imeathiriwa na msokoto wa uzi uliofumiwa kitambaa, na hata pateni ikichorwa upya mara kumi fulana itaendelea kujipinda. Hapo anayepaswa kuandikiwa ni aliyetengeneza kitambaa.

Nguo ikishavaliwa, isome mikunjo yake kwa utulivu. Mikunjo ya mshazari inayotoka shingoni kuelekea kwapani kwa kawaida huonyesha kwamba mabega ya mvaaji yameinama kuliko ya nguo, na mikunjo inayolala kwa upana chini ya kola, upande wa mgongoni, huonyesha kwamba mabega yake yamenyooka zaidi. Ukishajua hivyo, usiandike tu "rekebisha bega", maana atakayesoma maelekezo yako yuko mbali, huenda lugha unayoandikia ni ya tatu kwake, naye atarekebisha kadiri atakavyoona. Andika: "Shusha ncha ya bega kwa sm 1, shingoni pabaki palivyo, na kwapa lishuke kwa kiasi hicho hicho ili mkono uendelee kuingia sawasawa." Maneno ni mengi zaidi, lakini huokoa sampuli nzima na majuma ya kungoja. Katika mishono pia, tumia namba za kiwango cha ISO 4915: 301 ni mshono wa kawaida wa cherehani, 401 ni wa mnyororo, 504 ni ovaloki ya nyuzi tatu, na viwanda vinavyoshona kwa ajili ya soko la nje huzielewa bila mkalimani.

Hesabu nazo zinataka utulivu. Kitambaa kikisinyaa kwa asilimia 5 nawe unataka urefu wa sm 70 baada ya kufuliwa, usijumlishe asilimia 5 ya 70, kwa sababu utapata sm 73.5, ambazo zikisinyaa zitashuka chini kidogo ya 70. Gawanya 70 kwa 0.95, upate karibu sm 73.7. Upime mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, na mshindio, yaani nyuzi za upana, kila kimoja peke yake, kwani ni nadra kusinyaa sawa. Ila linalonisumbua zaidi ni namna tofauti inayoruhusiwa inavyonakiliwa kutoka karatasi moja hadi nyingine bila mtu kufikiri. Upana wa kifua, nguo ikiwa imelazwa mezani, ukiruhusiwa kuzidi au kupungua kwa sm 1, mzunguko mzima umeruhusiwa sm 2. Na ikiwa saizi moja inaizidi nyingine kwa sm 4 za mzunguko, basi saizi ya kati iliyozidi na saizi kubwa iliyopungua zitalingana kabisa, na mkaguzi atazipitisha zote mbili kwa haki. Atakayehangaika ni mnunuzi aliyelipia saizi kubwa.

Nguo za watoto zina sheria zake, na humo usikubali kujadiliana. Kiwango cha Ulaya EN 14682 hakiruhusu kamba kwenye kofia wala shingoni mwa nguo za watoto walio chini ya miaka 7, kwa sababu kamba hunasa na kunyonga. Mbunifu akikuambia kwamba kamba ile ni ya pambo tu na kwamba picha za matangazo zimekwisha kupigwa, kataa kwa maandishi, na nakala uihifadhi.

Sasa kuhusu malipo. Utaletewa mikataba inayosema kwamba utalipwa sampuli itakapoidhinishwa, na kwa juu juu itaonekana ni haki. Usiikubali hata mmoja, maana siku utakapokuwa na kodi ya nyumba ya kulipa, mkunjo ule wa begani utauona mdogo. Toza kwa siku, au kwa kila awamu ya kuvisha na kutoa maelekezo, iwe matokeo ni kuidhinisha au kukataa; mkataba utaje idadi ya awamu, useme nani anagharimia usafirishaji wa sampuli, na ueleze kwamba mbunifu akibadilisha mtindo katikati, hiyo ni kazi mpya yenye bei yake. Wala usipokee bahasha ya kiwanda ambacho kazi zake unazikagua, hata ikiitwa zawadi.

Mkataba wako wa kwanza ukishaandikwa, nitumie kifungu cha malipo nikisome kabla hujautia saini. Vifungu vingine nakuamini utavisoma vizuri mwenyewe.

Mama yako.