Kwa maafisa mnaobisha hodi na habari ya msiba

Wanangu wa Jeshi la Wananchi, nawasalimu.

Ninayewaandikia ni mjane wa Vita vya Kagera. Mume wangu alivuka kwenda Uganda mwanzoni mwa 1979, hakurudi. Habari alipewa shemeji yangu mkubwa, naye akakaa nayo siku nne akitafuta pa kuanzia. Siku hizo nne nilipika, nikafua shati lake, nikalipiga pasi.

Ndiyo maana naomba mke aambiwe na ninyi wenyewe, uso kwa uso, na mama mzazi aambiwe siku hiyohiyo. Msimwachie mmoja mzigo wa kumwambia mwenzake. Na mwahi, maana siku hizi picha hutangulia mbele ya gari lenu.

Kambi ya Semuliki, huko Beni nchini Kongo, walikokuwa askari wetu wa kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa, ilipovamiwa Desemba 7, 2017, nchi nzima iliyalilia majeneza 14, na hesabu ya waliokufa ikafika 15. Umoja wa Mataifa ulichunguza, ukakiri kwamba mpango wa kuwaongezea nguvu na kuwatoa pale haukuwa tayari. Maneno mazito kama hayo mama asiyakute gazetini. Aitwe kabla, asomewe kwa lugha anayoielewa, aulize hata mara tano, na anayemjibu asitazame saa.

Mazishi nayo msiyapange halafu mkaja kuarifu. Ulizeni azikwe wapi, kwa ibada ipi, bendera apokee nani. Mke anaweza kutaka karibu na nyumba waliyojenga, wazazi wakataka kijijini. Kuamua si kazi yenu, ila kusubiri kikao cha ukoo mnaweza. Na kama jeneza halifai kufunguliwa, mwambieni baba sababu kwa upole, pembeni. Akijibiwa tu kwamba ndio utaratibu, atalala miaka akijiuliza kama aliyezikwa ni mwanawe.

Kuna jambo la fedha, ambalo huvunja familia nyingi kuliko msiba wenyewe. Fidia ya Umoja wa Mataifa hupitia serikalini, haiji moja kwa moja mkononi mwa mjane. Kisha kuna muhtasari wa kikao cha ukoo, na mahakama kumthibitisha msimamizi wa mirathi. Binti wa miaka 25 mwenye mtoto mgongoni atajuaje haya? Mpeni afisa mmoja, jina na simu, asibadilishwe kila mwezi. Kama ni Mwislamu aliye edani, karatasi zimfuate nyumbani. Na nyumba ya kambini, jamani, msimtajie tarehe ya kuhama turubai likiwa bado limefungwa uani.

Arobaini ikipita watu hutawanyika. Hapo ndipo mrudi.

Mimi nilifika Kaboya, kule Muleba, miaka mingi baadaye, nikasimama kwenye makaburi ya mashujaa. Nilitaka kujua kama alikufa papo hapo au aliteseka, na nani alikuwa karibu naye. Sikupata wa kumuuliza. Kwa hiyo mtakaporudi, njooni na askari mwenzake, yule aliyekula naye mara ya mwisho. Mpeni ruhusa akae na familia hiyo jioni nzima.

Mama yenu,
mjane wa Kagera