Matozi ya nyanyako

Mwanangu,

Juzi nilikuwa jikoni nakuna nazi, simu iko kwenye spika, nikamsikia nyanyako akikwambia alitokwa na matozi alipoiona picha yako umevaa koti. Ukacheka. "Machozi, nyanya." Akanyamaza kidogo, kisha akahamia habari za mvua, maneno akiyaokota moja moja kama anayechambua mchele.

Sikugombezi. Mimi mwenyewe nilifundisha miaka 22, na "ndia" ya mtoto wa Mombasa niliipiga mstari mwekundu niandike "njia" pembeni. Lakini hapo La Sapienza, chuo kikuu cha Roma unaposoma, ndipo alipofundisha mwanaisimu Tullio De Mauro, mzaliwa wa Torre Annunziata karibu na Napoli, 1932. Katika kitabu chake cha 1963 alikadiria kuwa Italia ilipoungana, 1861, waliojua Kiitalia walikuwa asilimia 2.5 tu. Waliobaki walilia, wakaposa na wakatukanana kwa lahaja zao. Mwaka 1975 yeye na wenzake wakatoa hoja 10 za kufundisha lugha: mwalimu aanzie kwenye maneno aliyokuja nayo mtoto kutoka kwao, ajenge juu yake, asiyafute. Nilipozisoma niliikumbuka ile kalamu yangu nyekundu.

Uwaziri wa elimu aliushika mwaka mmoja na kidogo, 2000 hadi 2001, katika serikali ya Giuliano Amato. Hilo halinishughulishi sana. Ninachompendea ni ile orodha yake ya maneno ya msingi, kama 7,000 hivi, na jarida la Due parole, lililoandikwa kwa lugha nyepesi ili wanaosoma kwa taabu nao wapate habari za dunia. Msomi wa kiasi kile angeandika asieleweke, na bado angepigiwa makofi.

Alikuwa na jeraha pia. Kaka yake Mauro, mwandishi wa habari, alitekwa nje ya nyumba yake Palermo, Septemba 1970. Hakuonekana tena. Hapo huwa nafunga kitabu kwanza.

Na usisahau, mkutano wa 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulikaa hapa hapa Mombasa. Wangechagua Kimvita, lahaja yetu ya hapa yenye matozi na ndia, wewe ndiye ungerekebishwa leo.

Ijumaa mpigie nyanyako. Muulize walipitia wapi kwenda kisimani alipokuwa msichana. Atakwambia habari za ndia, tena ndefu. Mwache amalize.

Mamako