Nyumba za zamani za serikali zirudishiwe chokaa

Ndugu Mhariri,

Juzi kwenye kibanda cha chai hapa Jinja vijana walikuwa wakibishana juu ya Ikulu ya Marekani. Mmoja alishikilia kwamba Waingereza waliichoma, kuta zikawa nyeusi, ndipo ikapakwa rangi nyeupe kuficha masizi. Moto ulikuwepo kweli, Agosti 1814. Lakini nyumba ile ilikuwa nyeupe tangu 1798, kabla hata ya John Adams, rais wa kwanza kukaa humo, kuhamia mwaka 1800. Kuta zake za nje ni mawe ya mchanga yaliyochimbwa Aquia Creek, Virginia. Ni jiwe laini, linachongeka vizuri, ila linanyonya maji, na kwenye baridi kali maji yakiganda ndani yake linapasuka. Waashi wakalipaka chokaa. Weupe ule ulikuwa dawa ya jiwe kabla haujawa sifa ya nyumba.

Naandika kwa sababu sisi tunafanya kinyume. Nimeshika mwiko miaka 33, na nyumba nyingi za maofisa wa kikoloni nilizozitengeneza ni za matofali ya kuchoma, laini, yaliyoshikwa kwa chokaa. Mwaka juzi niliitwa kwenye nyumba aliyokuwa akikaa DC, yaani mkuu wa wilaya wa enzi za ukoloni, mji sitautaja. Mkandarasi alikuwa ameipiga plasta ya saruji nje, juu yake rangi ya mafuta, krimu ya kung'aa. Siku ya kukabidhi watu waliisifu. Misimu miwili ya mvua ikapita, ukuta wa upande wa bafu ukajaa malengelenge. Nilibonyeza moja kwa kidole gumba, maji yakanichuruzikia mpaka kwenye kiwiko. Nikabandua plasta: tofali la nyuma likamomonyoka kiganjani kama andazi lililolowa chai, limejaa unga mweupe wa chumvi. Niliumia sana. Tofali lile lilikuwa limesimama tangu kabla ya uhuru.

Unyevu hupanda kutoka kwenye msingi, hilo halizuiliki kwenye nyumba hizi. Chokaa huuacha utoke. Saruji na rangi ya mafuta huufungia ndani, nao unabaki kulila tofali.

Najua wahandisi watasema chokaa huchujuka, kila baada ya miaka michache inataka kurudiwa. Ni kweli. Lakini kupaka upya ni kazi ya siku chache kwa vibarua wawili na brashi, na tofali likishaoza hakuna rangi ya kuliponya. Anayependa krimu atie udongo wa manjano kidogo kwenye ndoo, rangi itakuja yenyewe.

Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda kule Kampala, wenzetu wanaliheshimu jambo hili. Jumba lile Kabaka Mutesa wa Kwanza alilijenga mwaka 1882 liwe makao yake, kabla halijawa kaburi la wafalme. Kuliezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye. Lilipoungua Machi 2010 kazi ilichukua miaka mingi, lakini likaezekwa tena kwa nyasi. Nyumba ya matofali nayo ina haki ya kutengenezwa kwa kilichoijenga.

Ombi langu ni kwa wale wanaoandika zabuni za ukarabati. Msiandike "plasta na rangi" mkanyamaza, kwa maana mkandarasi atanunua kilichopo dukani. Kwanza gongeni kipande kidogo cha ukuta, mwone tofali ni la aina gani na limeshikwa kwa nini, kisha mwandike neno chokaa waziwazi. Mawe ya chokaa yapo Tororo, na Muhokya kule Kasese watu wanayachoma hadi leo. Kuizima chokaa, yaani kuitia maji ikishachomwa, nitawafundisha vijana wenu bila malipo: waje na pipa, maji ya kutosha, na subira ya wiki tatu.

Fundi mwashi,
Jinja